Wakfu wa Pwani: Sadaka na Maslahi ya Ukoo

Katika pwani ya Afrika Mashariki, mwenye nyumba au shamba la minazi aliweza kuitoa mali hiyo wakfu: mali yenyewe ikazuiwa isiuzwe, isirithiwe wala kuwekwa rehani, na mapato yake yakaenda kwa aliowataja. Wengi walitaja msikiti, kisima, futari ya Ramadhani au wasomaji wa Kurani kaburini. Wengi pia, mara nyingine katika hati hiyohiyo, waliwataja watoto wao.

Mchanganyiko huo haukuwa siri wala aibu, kwani katika Uislamu kumtunza jamaa ni sadaka yenye thawabu. Hata hivyo faida ya mtoaji ilikuwa dhahiri. Faraidhi hugawa urithi mafungu mafungu, na baada ya vizazi kadhaa nyumba huweza kuwa na wenyewe wengi kuliko vyumba. Wakfu uliiokoa nyumba na mgawanyo huo, na pia na mdai, jambo zito Unguja ambako wenye mashamba wengi walikuwa wamekopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Baadhi ya matajiri wa huko waliwataja hata watumwa waliowaacha huru. Aliyeachwa huru alipata mahali pa kuishi, na ukoo wa bwana ukabaki na mtu wa kuutegemea. Madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani, yaliweka mpaka mmoja mkali: mtu hawezi kujiwekea wakfu nafsi yake.

Majaji wa Kiingereza walichora mpaka wao kwingine kabisa. Mwaka 1894 Baraza la Faragha la London, katika kesi iliyotoka Bengal, liliamua kwamba wakfu unaowanufaisha wana na wajukuu kizazi baada ya kizazi, huku maskini wakingoja ukoo utoweke, si sadaka ya kweli. Waislamu wa India walipinga, na muswada wa Muhammad Ali Jinnah ukawa sheria mwaka 1913, wakfu wa ukoo ukahalalika tena. Sheria hiyo haikuvuka bahari. Mahakama za Afrika Mashariki ziliendelea kuufuata uamuzi wa 1894, na mwaka 1951 Baraza likaushikilia tena katika rufaa iliyotoka Kenya. Mwaka huohuo Kenya ilipata sheria iliyoutambua wakfu wa ukoo, mradi mwisho wake uwe kwa maskini au kwa jambo la dini.

Unguja, serikali ilianza mwaka 1905 kuweka mali za wakfu chini ya makamishna. Hao walipenda kuzitenga za umma na za ukoo, utengano ambao watoaji wengi hawakuwa nao akilini. Leo kazi hiyo iko kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, yenye nyumba nyingi Mji Mkongwe. Kwa miaka mingi kodi zake zilikuwa ndogo mno: wapangaji wasio na uwezo walisitirika, lakini fedha za kukarabati kuta na mapaa hazikutosha.