Debe Tupu na Wimbo wa Vijana

Wahenga walinena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii humkanya mwenye maneno mengi na maana chache, na wazee wa kila zama wameitumia kuzihukumu nyimbo za vijana. Vijana huambiwa: mavazi yenu yanapendeza, sauti zenu ni tamu, lakini ndani hamna kitu. Je, msomaji, hukumu hiyo ni ya haki? Historia ya wimbo mmoja wa Wasomali, ambao sauti yake ilifika hata Garissa, Wajir na Mandera, yaweza kutusaidia kujibu.

Zamani fahari ya Wasomali katika utungo ilikuwa gabay, shairi refu la watu wazima. Sharti lake ni gumu: kila kipande cha mstari lazima kiwe na neno linaloanza kwa sauti ile ile, tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho. Kwa gabay watu walichochea vita na walileta suluhu. Sayyid Mohamed Abdille Hassan, aliyepambana na Waingereza kwa miaka ipatayo 20 hadi mwaka 1920, alipigana kwa bunduki na kwa gabay pia. Katika utungo wa namna hiyo kijana hakuwa na nafasi kubwa. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kuhifadhi.

Karibu na mwaka 1944 mambo yalianza kugeuka. Alikuwako dereva wa lori kaskazini mwa nchi ya Wasomali, jina lake Abdi Deeqsi, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Sinimo, yaani sinema. Inasimuliwa kwamba lori lake liliharibika njiani, naye akatunga wimbo wa kulilia balaa lililompata. Wimbo wa aina hiyo uliitwa belwo, neno lenye asili ya Kiarabu, na ndugu wa neno letu "balaa". Belwo ilikuwa fupi, mistari michache tu, na habari yake ilikuwa mapenzi. Waimbaji walipiga makofi na debe tupu la petroli, wavulana na wasichana wakaimba pamoja. Vijana wa mijini waliipenda mno, na malori yakaisafirisha kutoka mji hadi mji.

Wazee walikasirika. Sheikh Aqib Abdullahi Jama alitunga shairi zima la kuyashutumu maovu ya belwo. Tusiwacheke wazee hao. Ni kweli kwamba nyimbo zile zilikuwa nyepesi, na mtu aliyezoea gabay angeziona kama povu juu ya maziwa. Tena hofu yao ilikuwa kubwa kuliko wimbo wenyewe: waliona vijana wanapata mshahara wao mjini, wanaponyoka mikononi mwa ukoo na chuo cha Kurani. Kosa lao lilikuwa moja tu, yaani kudhani kwamba kilicho chepesi leo hakitaweza kubeba mzigo kesho.

Vijana wenyewe walijibu kwa kazi. Waliunganisha vipande vifupi vikawa wimbo mrefu, na jina la aibu wakaliacha, wakauita heello. Abdullahi Qarshe, aliyezaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924 na kukulia Aden, alitia ndani yake ala ya udi, ambayo wengi waliihesabu kuwa ni ya shetani. Mwaka 1948 wimbo wake uitwao "Ka Kacaay", yaani "Amkeni", uliwaita watu wake kuacha usingizi wa kutawaliwa. Kisha Uingereza ilipokubali mwaka 1954 kuikabidhi Ethiopia malisho ya Haud, ghadhabu ya watu ilitafuta kinywa, ikakikuta tayari. Wimbo uliokuwa ukilia kwa ajili ya mpenzi sasa ulilia kwa ajili ya nchi. Redio ikauchukua ukafika mahali ambapo lori halikufika.

Hapo ndipo habari hii inapoingia kwetu. Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960, bendera yake ilikuwa na nyota yenye ncha tano, na ncha moja ilikusudiwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ya Kenya. Tume ya mwaka 1962 iliona kwamba Wasomali wengi wa wilaya hiyo walitaka kuungana na Somalia. Vita vya mashifta vilifuata tangu mwaka 1963, na redio nayo ikawa silaha. Makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalizitaka serikali zote mbili kuacha propaganda ya uadui katika redio na magazeti. Vita vilikwisha, lakini sheria za hali ya hatari zilidumu katika jimbo hilo hadi mwaka 1991. Zingatia basi, msomaji, kwamba mzigo mzito si lazima uwe mzigo mwema. Wimbo wenye maana waweza kumwamsha mtu, na waweza pia kumpeleka vitani.

Shauri hili halijaisha. Mwaka 2004 vijana wa Kisomali waliokimbilia Eastleigh, Nairobi, pamoja na wenzao wengine, waliunda kikundi cha Waayaha Cusub, wakaimba kwa mtindo wa rapu. Walilaumiwa kwa mavazi yao na kwa kuchanganya wavulana na wasichana, lawama ile ile ya wakati wa belwo. Mwaka 2007 mwanzilishi wao alipigwa risasi, akapona, nao hawakunyamaza: mwaka 2010 waliimba waziwazi dhidi ya al-Shabaab. Hakuna ajitiaye hatarini namna hiyo kwa ajili ya suruali pana.

Kwa hiyo usimhukumu mwimbaji kwa vazi lake, wala usimsifu kwa sababu hiyo. Usikilize wimbo hadi mwisho, kisha ujiulize unasema nini, unamsemea nani, na unampeleka wapi anayeufuata. Debe tupu huvuma, ndiyo. Lakini debe hilo hilo, akilishika mwenye kiu akashuka nalo Mto Tana, hurudi nyumbani limejaa maji.