Sharpe: Askari fukara katika vita vya Napoleon

RICHARD Sharpe ni mhusika mkuu katika mfululizo wa riwaya za kihistoria za mwandishi Mwingereza Bernard Cornwell. Riwaya hizo, ambazo ni zaidi ya 20, zinamfuata askari huyo wa kubuniwa kutoka India mwaka wa 1799, kupitia Ureno na Uhispania, hadi Waterloo, ambako Napoleon alishindwa mwaka wa 1815.

Mwandishi

Cornwell alizaliwa London mwaka wa 1944 na kulelewa na wazazi waliomwasili. Alifanya kazi katika televisheni ya BBC kabla ya kumfuata mpenzi wake Marekani mwaka wa 1980. Huko alinyimwa kibali cha kufanya kazi. Kwa kuwa uandishi haukuhitaji kibali, alishika kalamu, na mwaka wa 1981 riwaya ya kwanza, Sharpe's Eagle, ikachapishwa. Tangu utotoni alizipenda hadithi za C.S. Forester kuhusu Hornblower, afisa wa jeshi la majini, naye akataka kumpata shujaa wa aina hiyo wa nchi kavu.

Cheo cha kununuliwa

Sharpe ni mwana wa kahaba wa London, aliyekulia katika makao ya mayatima na kujiunga na jeshi ili kuukwepa mkono wa sheria. Katika vita vya Assaye, India, mwaka wa 1803, anayaokoa maisha ya Jenerali Arthur Wellesley, ambaye baadaye alikuja kuwa Duke wa Wellington. Zawadi yake ni kufanywa afisa, na hapo ndipo masaibu yake yanapoanza.

Wakati huo, cheo cha afisa katika jeshi la Uingereza kingeweza kununuliwa kama shamba. Bei rasmi ya cheo cha kapteni wa askari wa miguu ilikuwa pauni 1,500. Askari wa kawaida, aliyelipwa shilingi moja kwa siku, angehitaji mshahara wa zaidi ya miaka 80 kuifikisha. Utaratibu huo ulifutwa mwaka wa 1871.

Kwa hiyo Sharpe ana maadui wa pande mbili. Wafaransa wanamkabili kwa risasi, nao maafisa wenzake wanamdharau kwa kukosa ukoo na mali. Askari wa chini pia hawamwamini mara moja, kwani ni mmoja wao aliyevaa sare ya wakubwa. Mwandani wake ni Sajini Patrick Harper, Mwairishi. Katika Sharpe's Company, Sharpe anapokonywa ukapteni aliokuwa ameupigania na kurudishwa kuwa luteni.

Historia na ubunifu

Cornwell huambatisha maelezo mwishoni mwa vitabu vyake, akitenga yaliyotokea na aliyoyabuni. Katika Sharpe's Eagle, Sharpe anateka sanamu ya tai, nembo ya kikosi cha Napoleon, huko Talavera mwaka wa 1809. Kwa hakika, katika vita hivyo vya Uhispania, Waingereza waliteka tai wa kwanza uwanjani huko Barrosa mwaka wa 1811.

Mahali pengine anajaza pengo. Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, aliuawa Waingereza walipouvamia mji wake wa Seringapatam mwaka wa 1799. Aliyemwua hakujulikana kamwe. Katika Sharpe's Tiger, mwuaji ni Sharpe, naye anaondoka na vito vya sultani. Shujaa huyo basi ni mporaji pia, wala mwandishi hafichi jambo hilo.

Vilevile, Sharpe's Company haiwasitiri Waingereza. Walipouteka mji wa Badajoz, Uhispania, mwezi Aprili 1812, waliupora kwa siku kadhaa na kuwatendea unyama wakazi, ilhali Wahispania walikuwa washirika wao.

Televisheni

Sean Bean aliigiza Sharpe katika filamu za televisheni za mwaka wa 1993 hadi 1997, kisha 2006 na 2008.

Mpangilio

Vitabu havikuandikwa kwa mfuatano wa matukio. Sharpe's Tiger, inayoanza kisa, ilitoka mwaka wa 1997, miaka saba baada ya Sharpe's Waterloo. Sharpe's Assassin ilifuata mwaka wa 2021 na Sharpe's Command mwaka wa 2023.

Licha ya damu yote anayoimwaga kwa ajili ya Uingereza, Sharpe hatulii huko. Anaweka makao Normandy, Ufaransa, katika shamba la Lucille, mwanamke Mfaransa.