Kuganga Yajayo: Kuvunjika kwa Mapenzi katika Vichekesho vya Runinga vya Marekani, 1970–1978

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi umezoea kuyatafuta mapenzi yaliyovunjika katika tanzia na katika mashairi ya malalamiko. Ni nadra kuyatafuta katika vichekesho vya mfululizo vya runinga, yamkini kwa sababu utanzu huu huhesabiwa kuwa burudani ya jioni tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba suala la kuanza maisha upya baada ya kuachana liliutatiza utanzu huu kwa namna ya pekee, na kwamba tatizo lenyewe lilitokana na fani zaidi kuliko maadili. Tutachunguza mifululizo miwili ya Marekani: The Mary Tyler Moore Show (1970–1977) na Rhoda (1974–1978), ambao ulichipuka kutokana na ule wa kwanza.

Kanuni ya Utanzu

Kichekesho cha mfululizo hutawaliwa na kanuni moja kuu: kila kipindi huivuruga hali iliyopo, kisha huirejesha. Msomaji aliyepata kutazama Vioja Mahakamani ya KBC anaifahamu kanuni hii. Washtakiwa hubadilika na kesi hubadilika, lakini mahakama husalia vilevile, tayari kwa kesi nyingine. Mtazamaji hurudi kwa kuwa ana hakika ya kuwakuta wahusika jinsi alivyowaacha. Kuachana, kinyume chake, ni tukio linalobadilisha hali ya mambo kwa kudumu. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini katika utanzu huu yajayo hayapo, ipo wiki ijayo tu. Je, mwandishi atamwezeshaje mhusika wake kusonga mbele ndani ya fani inayomrudisha nyuma kila wiki?

Kuachana Kabla ya Mwanzo

James L. Brooks na Allan Burns, waliobuni The Mary Tyler Moore Show, walikusudia kwamba Mary Richards awe mwanamke aliyepewa talaka. Uongozi wa CBS ulikataa. Ikumbukwe kwamba Mary Tyler Moore alikuwa ameigiza mke katika The Dick Van Dyke Show (1961–1966), na palikuwa na hofu kwamba hadhira ingedhani amemwacha Dick Van Dyke. Waandishi hao wamesimulia pia kwamba waliambiwa hadhira ya Marekani haiwavumilii watalaka, Mayahudi, watu wa New York, wala wanaume wenye masharubu. Jambo hili lilitokea wakati ambapo sheria yenyewe ilikuwa ikibadilika: huko California, sheria iliyoruhusu talaka bila kuthibitisha kosa la mmoja wa wanandoa ilitiwa sahihi mwaka wa 1969 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1970. Runinga ilibaki nyuma ya bunge.

Kutokana na katazo hilo, Mary alipewa historia nyingine, ya uhusiano wa miaka 2 na daktari ambaye hakuwa tayari kumwoa. Wapo wanaoliona badiliko hili kuwa udhaifu wa kazi. Sisi tunaliona vingine. Talaka ingekuwa taarifa ya nyuma, jambo lililokwisha mahakamani kabla ya hadithi kuanza. Uhusiano usiokamilika ulimwachia yule mwanamume, Bill, nafasi ya kuja kubisha mlangoni. Katika kipindi cha kwanza, kilichorushwa tarehe 19 Septemba 1970, Mary, mwenye umri wa miaka 30, amehamia Minneapolis, amepata chumba na kazi katika kituo cha runinga. Bill anamfuata. Anajaribu kumwambia kwamba anampenda, na maneno yanatoka kwa shida. Mary ndiye anayeaga. Bill anapomsihi ajitunze, Mary anamjibu kwamba anadhani amekwisha kufanya hivyo.

Hapa uamuzi unafanyika mbele ya macho yetu. Zaidi ya hayo, unafanyika katika kipindi cha kwanza, wakati hadhira haijawa na hali ya awali ya kutamani irejeshwe. Hali ambayo mfululizo utairejesha kila wiki ni upweke wenye kazi, marafiki na staha. Fani iliyomtishia Mary sasa inamlinda: kila mchumba wa baadaye atakuwa mvurugo, na kila mwisho wa kipindi utamrudishia uhuru wake. Mfululizo ulipokamilika mwezi wa Machi 1977, baada ya misimu 7, Mary alikuwa bado hajaolewa.

Kuachana Katikati

Mambo yalikuwa tofauti kwa rafiki yake Rhoda Morgenstern. Rhoda alipewa mfululizo wake mwaka wa 1974, na tarehe 28 Oktoba mwaka huohuo akaolewa na Joe Gerard, mbele ya watazamaji zaidi ya milioni 50. Waandishi waligundua baadaye kwamba ndoa yenye furaha iliwapunguzia mgogoro, na mgogoro ndio chakula cha kichekesho. Katika msimu wa tatu, mwaka wa 1976, waliwatenganisha wanandoa hao. Watazamaji wengi walikasirika, na mfululizo uliokuwa miongoni mwa 10 bora ukaporomoka.

Ni rahisi kudai kwamba hadhira iliikataa talaka kwa sababu za kimaadili. Dai hili halikubaliani na ushahidi. Hadhira hiyohiyo ilikuwa imempokea Maude mwaka wa 1972, mwanamke aliyekuwa na mume wa nne; na tangu Desemba 1975 ilikuwa ikimpenda Ann Romano wa One Day at a Time, mtalaka aliyelea mabinti wawili. Wote hao walikuja na talaka zao tayari. Kosa la Rhoda, basi, halikuwa kuachika. Watazamaji walikuwa wamealikwa arusini, na ndoa ndiyo iliyokuwa hali waliyoizoea. Kuivunja kulikuwa kuvunja ahadi ya utanzu.

Muda wa Eda

Hata hivyo, kuachana katikati hakukuwa muhali. Katika The Mary Tyler Moore Show, mkubwa wa kazi wa Mary, Lou Grant, ambaye katika kipindi cha kwanza alikuwa amelewa chumbani kwa Mary akimwandikia barua mkewe aliyesafiri, alitengana na mke huyo, Edie, mwaka wa 1973. Mwaka wa 1975 Edie aliolewa tena, naye Lou akahudhuria arusi. Kiswahili kina neno eda, muda ambao aliyeachwa hayumo katika ndoa wala hajawa huru kuingia nyingine. Lou, ingawa ni mwanamume, alipewa na waandishi eda ya miaka 2, naye hakuwa mhimili wa mfululizo. Rhoda aliunyimwa muda huo, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mhimili.

Hitimisho

Tumeona kwamba kusonga mbele katika kichekesho cha mfululizo hutegemea mahali tukio la kuachana linapowekwa katika msuko, na muda linaopewa. Mhakiki anayeuliza tu iwapo runinga iliruhusu au ilikataza talaka hataeleza kwa nini Ann Romano alipendwa na Rhoda akaadhibiwa katika miaka ileile. Jibu limo katika fani, na fani ndiyo kazi yetu.