Vyeo vya Karamu: Majumbe wa Pangani na Majenerali wa Beni

Katika miji ya Mrima, kuanzia Tanga na Pangani kushuka hadi Saadani na Bagamoyo, cheo hakikuwa kitu cha bure. Aliyetaka kuitwa jumbe alipaswa kwanza kuwakusanya wenye vyeo waliomtangulia, awape ada yao, kisha achinje ng'ombe na kupika wali wa kushibisha mji, ngoma zikikesha. Hapo ndipo alipofungwa kilemba mbele ya watu wote. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo, aliyaeleza mambo haya kwa Kiswahili kitamu katika *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903 kwa mkono wa Carl Velten. Katika masimulizi yake msomaji anaona wazi kwamba kilemba kilikuwa risiti. Kila aliyekula wali ule alikuwa shahidi, na shahidi hawezi kesho kugeuka akasema hamjui jumbe huyu.

Desturi hii ilikuwa na uzito zaidi Pangani. Kufikia miaka ya 1880 mji huo ulikuwa umetajirika kwa misafara ya kwenda Kilimanjaro na Umasaini, na kwa mashamba ya miwa yaliyoufuata mto. Pesa mpya zilileta watu wapya: wapagazi waliotoka bara, watumwa waliokuwa wakitafuta jina, vijana waliorudi safari na pembe zao mbili tatu. Wote walitaka kuhesabiwa kuwa waungwana wa mji, na mlango uliokuwepo ni karamu. Wenyeji wa zamani, waliojiita Washirazi, walijitahidi kuubana mlango huo, lakini hawakuweza kuufunga kabisa, maana wao wenyewe waliishi kwa ada zilizoingia. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika *Feasts and Riot* (1995), anaona kwamba ugomvi huu wa nani ale wapi na nani avae nini ndio uliochemsha mji hata kabla ya Wajerumani kutia mguu.

Walipotia mguu, wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Agosti 1888 Emil von Zelewski wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki alikuja kupandisha bendera Pangani, mji ukiwa umejaa watu wa vijijini waliokuja kwa Idi ya kuchinja. Vita vilivyofuata vinajulikana kwa jina la Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa katika bonde la Pangani, aliyenyongwa katika mji huohuo tarehe 15 Desemba 1889.

Wajerumani hawakufuta vyeo vya pwani. Walifanya jambo baya zaidi: walivichukua. Akida, ambaye zamani alikuwa kiongozi wa vijana katika ngoma na katika vita, sasa alikuwa mtu wa mshahara, aliyetumwa kukusanya kodi ya nyumba iliyowekwa mwaka 1897, mara nyingi kwa watu asio na undugu nao. Jumbe naye akawa mkuu wa kijiji anayewajibika bomani. Majina yalibaki, lakini cheo hakikupitia tena tumboni mwa mji, na asiyelishwa hana sababu ya kushuhudia.

Watu wa Tanga wakajitengenezea vyeo vingine.

Serikali ya Kijerumani ilikuwa imefungua shule Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, shule ambayo baadaye ilichapa gazeti la *Kiongozi* na kutoa makarani na maakida wa koloni. Ilikuwa pia na bendi ya tarumbeta. Wakati huohuo, kutoka Lamu na Mombasa, ilikuwa ikishuka ngoma mpya iitwayo beni, ambamo makundi ya Kingi na Sikochi yalikuwa yakishindana kwa gwaride, sare na karamu. Kabla ya vita vya 1914 beni ilikuwa imekwisha shika Tanga na Dar es Salaam, na huku ikagawanyika pande mbili: Marini, walioelekea kwa waliosoma na wenye kazi nzuri, na Arinoti, walioelekea kwa watu wa chini.

Ndani ya kila upande kulikuwa na ngazi kamili, kuanzia mfalme na majenerali hadi askari wa kawaida, na wanawake walikuwa na vyeo vyao pia. Jenerali wa Marini huenda mchana alikuwa karani au boi wa Mzungu. Jioni alivaa sare, akasimama mbele ya safu, filimbi ikalia, ngoma kubwa ikaitikia, na watu wake wakageuka kulia na kushoto kwa amri yake. Maofisa wengi wa kikoloni waliona uigaji tu hapo, lakini walikosa kuona kilichokuwa nyuma ya sare. Mwenye cheo alitarajiwa atoe: achangie ng'ombe wa karamu ya mashindano, amsaidie mwenzake mgonjwa, azike maiti ya mgeni asiye na ndugu mjini. Jenerali mkono wa birika hakudumu na ujenerali wake.

Hapa ndipo beni inapotofautiana na mikanda ya heshima ya leo katika michezo ya mapigano. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alitoa vyeo vya kwanza vya dani mwaka 1883 kwa wanafunzi wawili waliozitolea jasho. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2013, Shirikisho la Taekwondo Duniani lilimpa Vladimir Putin mkanda mweusi wa dani ya 9 kwa heshima tu, likamvua Februari 2022 alipoivamia Ukraine. Mkanda ule ulitoka juu na ukarudishwa juu; mpokeaji hakuwa na deni kwa mwanafunzi yeyote wa mchezo. Jumbe wa Pangani na jenerali wa Arinoti nao hawakufanya mtihani wowote, lakini walikuwa na deni kwa kila aliyewaita kwa cheo chao.

Vita vikuu vya kwanza viliisambaza beni. Askari na wapagazi waliibeba hadi Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo, na baada ya vita Waingereza wakaingiwa na hofu: barua za watu wa Marini zilizosafiri kati ya mji na mji, zikiwa na vyeo vya kijeshi, ziliwafanya washuku njama. Hawakuikuta. Tanga kwenyewe, mwaka 1922, Martin Kayamba na makarani wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kilichokuwa na rais na katibu badala ya mfalme na majenerali. Na katika miji ya migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, miaka ya 1950, mwanaanthropolojia Clyde Mitchell aliikuta ngoma ya kalela, mjukuu wa beni, ikiwa bado na mfalme wake, na pembeni yake daktari aliyevaa koti jeupe na dada muuguzi.