Wastani na Mtawanyiko: Hesabu ya Dagaa katika Pwani ya Rumonge

Wavuvi wa Rumonge na Nyanza-Lac, kama wenzao wa Kigoma na Uvira, tangu kale huvua dagaa usiku kwa mwanga. Mbalamwezi ikikomaa, hupumzisha vyombo vyao. Zamani mwanga ulikuwa wa mienge, na chombo kilikuwa wavu wa mkono. Katika miaka ya 1950 mambo yaligeuka: ziliingia karabai, mitumbwi iliyounganishwa miwili miwili yenye wavu wa kunyanyua, na meli za wavu wa kuzungusha zilizoletwa na Wagiriki.

Vyombo vilipotofautiana likazuka swali: kipi huvua zaidi? Si swali la mchezo, kwani jibu lake laweza kuamua nani apewe leseni na nani anyimwe. Watafiti wa mradi wa FAO na Ufini, ulioanza mwaka 1992 na kuweka makao Bujumbura, walilikuta swali hilo likiwangoja ufukweni.

Kanuni ya kulijibu ina historia yake. Mwaka 1908 William Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia mjini Dublin, alieleza jinsi ya kupima wastani wa sampuli ndogo. R. A. Fisher akaipanua kanuni hiyo ilinganishe makundi mawili, kwa sharti kwamba mitawanyiko yao iwe sawa. Lakini ziwa halijui sharti hilo: chombo kikubwa leo hujaa pomoni, kesho hurudi kitupu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mitumbwi midogo, siku 20, wastani kilo 100, mchepuko kilo 20. Chombo kikubwa, siku 5, wastani kilo 150, mchepuko kilo 80. Tukichanganya mitawanyiko, kosa la tofauti ya wastani huwa kilo 19, na kilo 50 zilizozidi huonekana ushindi wa hakika. Kila kundi likibaki na mtawanyiko wake, kosa hufika kilo 36, na ushindi ule huyeyuka. Njia hii ya pili ndiyo aliyoieleza B. L. Welch katika makala zake za mwaka 1938 na 1947.

Basi, mwalimu anapofundisha neno wastani, alifuatanishe na mtawanyiko. Wastani peke yake ni shahidi mmoja. Na hukumu inayogusa riziki ya watu haitolewi kwa shahidi mmoja.