Usanidi wa Kiini cha Linux kwa Vichakataji Mbalimbali, 1991–2013

Mnamo Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza mfumo endeshi alioufungamanisha na kichakataji cha Intel 386, akikiri kuwa haungehamishika. Kauli hiyo haikudumu. Kuuhamishia kwenye Alpha, kichakataji cha biti 64, kulilazimu msimbo unaotegemea maunzi utengwe na ule wa jumla. Toleo la 1.2, la Machi 1995, lilihusisha pia SPARC na MIPS.

Utengano huo haukutosha kwa ARM. Maunzi mengi ya kompyuta za mezani hujitambulisha kwa kiini. Ya ARM, kwa sehemu kubwa, hayajitambulishi, na kila kampuni iliyaunganisha kwa namna yake. Hivyo kila bodi ilidai msimbo wake, mrundikano ambao Torvalds aliulalamikia hadharani mwaka 2011. Suluhisho, ambalo PowerPC ilikwisha kulitumia, lilikuwa kuhamishia maelezo ya maunzi katika faili la data linalosomwa kiini kinapoanza kazi. Huu, kuliko uhamisho wa Alpha, ndio mgeuko mkubwa zaidi: usanidi ulianza kutoka ndani ya msimbo. Toleo la 3.7, la Desemba 2012, liliwezesha kiini kimoja kuendesha bodi za ARM za kampuni tofauti. Toleo lililofuata, la Februari 2013, liliacha kuihudumia 386.