Madaraja yetu ya Pwani, kutoka Makupa hadi Mteza

Mtu wa Mtopanga akitaka kwenda mjini kwa gari hana hiari. Apite barabara ya zamani ya Malindi kupitia Kisauni, au atokee Bamburi ashuke na barabara kuu, mwisho wake ataingia Daraja la Nyali. Nimeona leo niyapitie madaraja yetu, lini yalijengwa na yalichukua nafasi ya nini, maana vijana wetu wengi wamezaliwa wakayakuta na hudhani yalikuwapo siku zote.

Kwanza tuelewane. Mengi ya madaraja haya hayavuki mto. Chini ya Nyali, Mtwapa na Kilifi ni mkono wa bahari, maji ya chumvi yanayojaa na kupwa. Mto wenyewe utaukuta Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi, na daraja lake ndilo linalompeleka msafiri Garsen na Lamu. Mto huo huo ndio unaotupa maji ya visima vya Baricho, yakitoka mferejini.

Kongwe kuliko yote ni Makupa. Mwaka 1896 wajenzi wa reli ya Uganda, wengi wao vibarua kutoka Bara Hindi, walitoka kisiwani kwa daraja la mbao, na baadaye likawekwa la chuma likaitwa Salisbury, jina la waziri mkuu wa Uingereza wa wakati ule. Miaka ikapita, pakajazwa mawe na udongo, ikawa barabara kavu. Magari yalifurahi, lakini bahari ilizibwa: maji ya upande wa Tudor na ya upande wa Port Reitz yakawa hayaonani tena. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya la mita 457, tuta likaondolewa, na maji yakaanza tena kupita chini yake. Wengi walilisifu kwa taa na upana wake. Mimi nalisifu zaidi kwa ajili ya mvuvi.

Nyali ya kwanza ilifunguliwa 1931, nayo ilikuwa daraja la kuelea, limelazwa juu ya maboya, likipanda na kushuka pamoja na maji. Kulivuka kulikuwa kwa kulipa. Usione ajabu, kwani hata Kalkuta, India, walianza hivyo hivyo. Daraja lao la Howrah la 1874 lilikuwa la kuelea, likifunguliwa katikati meli zipite, mpaka walipopata hili la chuma mwaka 1943. Sisi tulingoja mpaka 1980, Wajapani walipotujengea la zege, karibu mita 390, njia sita za magari na pa kupita waendao kwa miguu.

Mtwapa kabla ya daraja palikuwa na feri ya mnyororo iliyovutwa na watu kwa mikono, huku wakiimba. Kilifi walibaki na feri mpaka 1991, lilipokamilika lile daraja refu la juu, nalo kazi ya Wajapani. Waliokuwa wakiuza korosho na mahamri kwa abiria waliokaa foleni Mnarani walijikuta magari yanawapita juu kwa juu. Daraja huleta riziki, na mara nyingine huihamisha.

Sasa tuje Likoni, ambako daraja la magari la kuvuka pale kivukoni halijapatikana. Hatuwezi kupataja bila kukumbuka tarehe 29 Aprili 1994, feri ya MV Mtongwe ilipozama, watu 272 wakafa. Allah awarehemu. Wakati wa korona ndipo tukaona daraja la kuelea la wapita njia pale Liwatoni, lililoanza kutumika Januari 2021, lenye kipande cha katikati cha kufunguliwa ili meli ziingie bandarini. Hapo ndipo penye mtihani wa Likoni: mlango ule ni wa meli kubwa, na daraja la kudumu lazima liwe juu sana kuliko la Nyali. Mpango wake umezungumzwa miaka mingi.

Wenzetu wa Bangladesh walikuwa na mtihani kama huo katika mto Padma. Walivuka kwa feri na maboti, na wakifa humo. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilijiondoa katika mradi wao, wakaamua kujenga kwa fedha zao wenyewe. Juni 2022, mwaka ule ule wa Makupa yetu, wakafungua daraja la zaidi ya kilomita 6, magari juu na reli chini.

Kwa sasa mwenye gari wa Kwale anaweza kuiepuka feri kwa njia ya Dongo Kundu, iliyojengwa kwa mkopo wa Japani. Ina daraja la Mwache la mita 660, na la Mteza lenye urefu wa kilomita 1.4. Lakini hiyo ni njia ya gari. Anayetembea kwa miguu kutoka Likoni kwenda kuuza muhogo Marikiti bado anategemea feri.

Na sisi wa Kisauni? Tangu 1980 hatukuongezewa njia nyingine ya magari kuingia kisiwani. Barabara ya Mtwapa imekuwa ikipanuliwa, jambo jema, ila magari yote hayo yanakuja kumiminika kwenye daraja lile lile. Gari likiharibika katikati ya Nyali asubuhi, foleni inarudi nyuma Kengeleni na zaidi, ambulensi ikiwa humo humo. Ukilifunga daraja hilo, gari la Mtopanga linalotaka kufika Changamwe itabidi lipande Mtwapa, lifike Mavueni, likate Kaloleni, litokee Mariakani, ndipo lishuke Mazeras. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 100, kwenda mahali ambapo kwa Nyali na Makupa ni mwendo wa dakika chache pasipo foleni. Watakapokuja tena kuomba kura zetu mwaka 2027, hilo ndilo swali langu kwao, kabla ya fulana na kofia.